Mkono wa Mdhamini: Historia ya Shauri Moja katika Hekima ya Waebrania wa Kale

1. Utangulizi

Sisi wasemaji wa Kiswahili hulitamka neno mithali, au methali, bila kukumbuka safari yake. Limetujia kutoka Kiarabu mathal, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania mashal, ambalo ndilo jina la kitabu kilichokusanya mafundisho ya wenye hekima wa Israeli ya kale. Hekima nayo ni Kiarabu hikma, ndugu wa Kiebrania hokhma. Mizani ni ndugu wa moznayim. Tena lipo neno arabuni, yaani malipo ya kwanza yanayofunga mapatano ya ununuzi. Waarabu husema 'arabun, Waebrania walisema 'eravon. Wafanyabiashara wa Kifoinike waliwaachia Wagiriki neno hilo, Warumi wakalipokea kwa Wagiriki, na hatimaye Wafaransa wakapata arrhes. Kwa hiyo Mkongomani anayeitaja arabuni kwa Kiswahili, kisha akatia sahihi karatasi ya arrhes kwa Kifaransa, ametumia neno moja mara mbili; ni njia tu zilizotofautiana.

Katika Kiebrania, mzizi uliozaa 'eravon ndio uliozaa pia kitenzi cha kumdhamini mtu, yaani kusimama badala yake mbele ya mdai wake. Jambo hilo la udhamini ndilo tunalolishughulikia hapa. Aghalabu mafundisho ya hekima ya Waebrania husomwa kama maneno ya jumla juu ya wema na ubaya, yanayofaa kuandikwa ukutani. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanalifuata shauri moja tu, nalo ni hili: je, imempasa mtu kumdhamini jirani yake katika deni? Tutalifuata kutoka siku za wafalme wa Yuda hadi mwaka 200 hivi baada ya Kristo (B.K.), na tutaona kwamba hekima hiyo haikuwa orodha ya amri zisizobadilika. Ilikuwa mazungumzo ya vizazi vingi juu ya jambo ambalo sheria ilikuwa imelinyamazia.

2. Deni na rehani katika nchi ya Yuda

Yuda ya kale ilikuwa nchi ya vilima na ya wakulima wadogo. Walipanda shayiri na ngano, wakatunza mizeituni na mizabibu, na kilimo chao kilitegemea mvua za majira ya baridi. Mvua zikikosekana mwaka mmoja, mkulima alikula hata mbegu, na mwaka wa pili hakuwa na budi kukopa nafaka kwa mwenye akiba. Sarafu hazikujulikana katika nchi hiyo kabla ya enzi ya Waajemi. Fedha ilipimwa kwa mizani, na mawe ya kupimia yalichukuliwa mfukoni. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameyapata mawe hayo kwa wingi katika miji ya Yuda ya karne ya 8 na ya 7 kabla ya Kristo (K.K.), shekeli moja ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kitu. Ndiyo sababu kitabu cha Mithali kinarudia mara kadhaa onyo juu ya mawe ya namna mbili, jepesi la kuuzia na zito la kununulia. Mwenye hekima alikuwa akisema juu ya kitu ambacho msikilizaji wake alikuwa nacho mfukoni.

Aliyekopa aliweka rehani. Torati inayo masharti kadha wa kadha juu ya rehani, na yote yanalenga kumwekea mdai mipaka. Kitabu cha Kutoka kinaagiza kwamba vazi la maskini lililochukuliwa rehani lirudishwe kabla jua halijatua, kwa sababu ndilo analojifunika usiku. Kumbukumbu la Torati linakataza kuchukua jiwe la kusagia, maana kulichukua ni kuchukua uhai wa nyumba. Linamwamuru pia mdai asimame nje ya nyumba ya mdaiwa, amngoje mwenyewe alete rehani. Vazi la mjane halichukuliwi kabisa.

Kwamba masharti hayo yaligusa maisha halisi twalijua kutokana na kigae kimoja cha chungu. Mwaka 1960, katika ngome ndogo iitwayo leo Mesad Hashavyahu, karibu na pwani ya bahari ya Mediterania, Joseph Naveh na wenzake waligundua vipande vya kigae chenye maandishi ya Kiebrania kwa wino, ya mwishoni mwa karne ya 7 K.K. Ni malalamiko ya mvunaji kwa mkuu wa mahali pale. Anasema kwamba alivuna, akapima, akaweka ghalani kama ilivyompasa. Kisha mtu mmoja, Hoshayahu bin Shobai, akaja akamnyang'anya vazi lake. Anawataja ndugu zake waliovuna pamoja naye katika joto la jua kuwa watamshuhudia, na anaomba vazi lirudishwe. Hatukupata jibu la mkuu yule. Lakini twaona vema kwamba vazi halikuwa mfano wa kufundishia tu. Lilikuwa mali ya mwisho ya mtu wa kazi.

Sasa inatupasa kuangalia jambo ambalo halikuandikwa. Torati inasema mengi juu ya mdai, juu ya mdaiwa na juu ya rehani, lakini haina sharti lolote juu ya mtu wa tatu, yaani mdhamini. Masimulizi yanamjua: katika Mwanzo, Yuda mwana wa Yakobo anajitoa kuwa mdhamini wa mdogo wake Benyamini mbele ya baba yao. Sheria haimjui. Hapo ndipo hekima iliposhika neno.

3. Shauri la Mithali: usitoe mkono

Kitabu cha Mithali hakikuandikwa kwa siku moja wala na mtu mmoja. Ni ghala la mikusanyo. Mkusanyo mkubwa unaobeba jina la Sulemani, kuanzia sura ya 10 hadi katikati ya sura ya 22, una semi 375, na hiyo ndiyo jumla ya thamani za herufi za jina la Sulemani katika Kiebrania. Mkusanyo mwingine, kuanzia sura ya 25, unasema wazi kwamba ulinakiliwa na watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda aliyetawala mwishoni mwa karne ya 8 K.K. Semi nyingine zimerudiwa karibu neno kwa neno katika mikusanyo miwili tofauti. Mmoja wa usemi huo uliorudiwa, katika sura ya 20 na ya 27, unahusu udhamini: mtu aliyemdhamini mgeni, basi na achukuliwe vazi lake.

Shauri lenyewe linapatikana mahali pengi, nalo ni kali. Katika sura ya 6 mwalimu anamwambia kijana kwamba ikiwa amekwisha kutoa mkono kwa ajili ya jirani, amenaswa na maneno ya kinywa chake mwenyewe. Asilale, wala asisinzie; aende akajinyenyekeze, amsumbue jirani huyo mpaka afunguliwe, kama paa anavyojinasua kutoka kwa mwindaji. Sura ya 17 yamwita mdhamini mtu asiye na akili. Sura ya 22 inauliza: usipokuwa na cha kulipa, kwa nini uondolewe kitanda unachokilalia?

Mkono unaotajwa hapo si picha ya kishairi. Kupigana kiganja kwa kiganja kulikuwa ndiyo sahihi ya watu wasioandika. Mkono ukishagusana na mkono mwingine mbele ya mashahidi, deni la jirani limekuwa lako.

Inafaa tulinganishe na Misri. Mwaka 1888 E. A. Wallis Budge alilipatia jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum, funjo lenye mafundisho ya Amenemope, mwandishi aliyekuwa na madaraka juu ya nafaka na vipimo. Maandishi hayo yalipochapishwa kikamilifu mwaka 1923, yalionekana kuwa na sura thelathini. Na mwaka uliofuata mtaalamu wa Kijerumani Adolf Erman alionyesha kwamba sehemu ya Mithali, kuanzia sura ya 22 mstari wa 17, inafanana nayo mno. Kutosogeza jiwe la mpaka, kutomwonea maskini, kutofuatana na mtu wa hasira, adabu mezani pa mkubwa: yote hayo yapo pande zote mbili. Wataalamu walio wengi wamekubali kwamba mwandishi Mwebrania ndiye aliyekopa.

Lakini mkopaji huyo hakunakili tu. Amenemope naye anasema juu ya deni: ukimkuta maskini ana deni kubwa, uligawe mafungu matatu, usamehe mawili, ubakize moja. Hilo ni shauri la ofisa aliyeshika daftari la mdai. Katika sehemu hiyohiyo ya Mithali tunakuta badala yake onyo juu ya mdhamini na kitanda chake, onyo ambalo halina mwenzake dhahiri katika Amenemope. Mwalimu wa Yuda alikuwa na msikilizaji mwingine mbele yake: kijana wa jamaa yenye shamba na nyumba, mtu ambaye jirani zake wangemwendea siku ya shida, na ambaye kwa neno moja la haya angeweza kupoteza urithi wa baba yake.

Je, hekima hiyo ni ya uchoyo? Haiwezi kuhukumiwa hivyo, kwa kuwa kitabu hichohicho kinafundisha katika sura ya 3 kwamba jirani asiambiwe arudi kesho ilhali kitu anachokiomba unacho leo, na katika sura ya 19 kwamba kumpa maskini ni kumkopesha Mungu. Tofauti iko hapa: kutoa ulichonacho ni jambo moja, kuahidi usichonacho ni jambo lingine. Anayetoa anajua mpaka wa hasara yake tangu siku ya kwanza, bali mdhamini ameuweka mpaka huo mikononi mwa mtu mwingine.

4. Ayubu: mtu asiye na mdhamini

Kila shauri la hekima lina mahali ambapo linashindwa, na sifa mojawapo ya Waebrania ni kwamba waliuhifadhi ushahidi wa kushindwa huko pamoja na shauri lenyewe. Ikiwa kila mwenye busara atauzuia mkono wake, ni nani atakayesimama upande wa mtu aliyefilisika?

Kitabu cha Ayubu, ambacho wataalamu wengi hukiweka kati ya karne ya 6 na ya 4 K.K., kinaliuliza swali hilo kwa msamiati wa sokoni. Rafiki yake Elifazi, akitafuta sababu ya mateso ya Ayubu, anamshtaki kuwa aliwatwalia ndugu zake rehani bila haki na kuwavua walio uchi nguo zao. Ayubu anajibu kwa kuichora nchi ilivyo: ng'ombe wa mjane amechukuliwa rehani, mtoto wa maskini amechukuliwa pia, na watu hulala usiku wa baridi bila kifuniko, huku wakisindika mafuta na kukanyaga zabibu za wengine. Baadaye anakana shtaka kwa kiapo, akisema kwamba maskini walipata joto kwa manyoya ya kondoo wake.

Lakini neno zito zaidi liko katika sura ya 17. Hapo Ayubu anamwomba Mungu mwenyewe awe mdhamini wake, akiuliza ni nani mwingine atakayempa mkono. Kitenzi cha Kiebrania ni kilekile cha Mithali, na ishara ni ileile ya mkono. Shauri lililomhifadhi kijana mwenye urithi limegeuka ukuta mbele ya mtu aliyepoteza kila kitu. Wenzake Ayubu walikuwa wameisoma hekima vizuri. Hakuna aliyemnyoshea mkono.

Hali hiyo haikuwa ya kitabuni tu. Nehemia, aliyefika Yerusalemu kuwa liwali chini ya Waajemi mwaka 445 K.K., anasimulia kilio cha watu waliokuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine waliokopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Wana wao na binti zao walikuwa wakiingia utumwani, na wadai walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia aliwakusanya wakubwa hadharani, akakiri kwamba yeye na jamaa zake pia walikuwa wamekopesha, kisha akawaapisha warudishe.

5. Bin Sira: toa mkono, lakini ujue unachokitoa

Yapata mwaka 180 K.K. aliishi Yerusalemu mwalimu aitwaye Yoshua bin Sira. Kitabu chake, kilichoandikwa kwa Kiebrania, kilifasiriwa kwa Kigiriki na mjukuu wake aliyefika Misri mwaka 132 K.K. Wakatoliki wanacho katika Biblia yao. Bin Sira aliwaalika vijana waje kukaa katika nyumba yake ya mafundisho, naye aliipenda Mithali kama mrithi anavyolipenda shamba la babu. Hata hivyo, juu ya udhamini hakukubali kurudia tu yaliyosemwa.

Dunia yake ilikuwa imebadilika. Kwa zaidi ya karne moja Uyahudi ulikuwa umetawaliwa na wafalme wa Kigiriki, kwanza wa Misri, kisha wa Siria. Fedha za sarafu zilizunguka, kodi ziliuzwa kwa wakusanyaji, na mawakala wa biashara walipita nchini, kama yule Zenon, mtumishi wa waziri wa fedha wa mfalme Ptolemayo wa Pili, ambaye barua zake na hesabu zake zimehifadhiwa katika mafunjo ya Misri. Mtu wa mjini hakuweza tena kuishi bila kukopa wala kukopeshwa.

Katika sura ya 29 Bin Sira anaanza kwa kusema kwamba kumkopesha jirani ni tendo la huruma. Kisha anamchora mkopaji kwa jicho la mtu aliyeyaona: kabla ya kupewa, anaubusu mkono wa tajiri na kushusha sauti, siku ya kulipa inapofika anaahirisha, analalamika kwamba nyakati ni ngumu, na akirudisha nusu yafaa kushukuru. Waswahili wamelisema hilo kwa maneno manne: kukopa harusi, kulipa matanga. Hata hivyo anaongeza kwamba maskini avumiliwe, na kwamba ni heri kupoteza fedha kwa ajili ya ndugu kuliko kuiacha ipate kutu chini ya jiwe.

Ndipo anapomfikia mdhamini, naye anasema kinyume cha Mithali: mtu mwema humdhamini jirani yake. Anamgeukia pia aliyedhaminiwa, ambaye Mithali haikumsemesha katika jambo hili, na kumwonya asisahau hisani ya mtu aliyejitoa kwa ajili yake. Haifichi hatari. Udhamini, asema, umewaangusha wengi waliokuwa wamesimama, na wenye nguvu wamehama makwao kwa sababu yake. Anamalizia kwa kipimo: msaidie jirani kwa kadiri ya uwezo wako, nawe ujihadhari usianguke. Katika sura ya 8 alikuwa ameshalieleza jambo hilo kwa namna ya kihasibu: usidhamini kupita uwezo wako; na ukidhamini, jihesabu kuwa ndiye utakayelipa.

Shauri hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini. Mithali ilikuwa imekataza kuahidi usichonacho. Bin Sira anaupokea msingi huohuo, ila anautumia kufungua mlango: mtu aliyekwisha kuihesabu fedha ile kuwa imetoka mkononi mwake anaweza kudhamini, maana kwa kweli ametoa alichonacho. Kitanda chake hakitaondolewa. Kwa njia hiyo Bin Sira anapata nafasi kwa ajili ya Ayubu bila kumsahau kijana wa Mithali.

6. Mishna: sheria inamsikiliza mwenye hekima

Yapata mwaka 200 B.K., baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, Rabi Yehuda Hanasi aliikamilisha Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo. Sasa sheria ilikuwa imemtambua mdhamini. Katika mlango wa mwisho wa kitabu kiitwacho Bava Batra kuna mjadala wa waalimu wawili wa karne ya 2, Rabi Yishmaeli na Ben Nannas. Hati ya deni imekwisha kutiwa sahihi na mashahidi. Chini yake mtu mwingine anajiandika kuwa mdhamini. Je, atalipa? Rabi Yishmaeli anasema atalipa kutokana na mali aliyonayo. Ben Nannas anasema halipi chochote.

Akiulizwa sababu, Ben Nannas anatoa mfano wa sokoni. Mdai amemkaba mdaiwa wake koo njiani. Mpita njia anaona, anasema: mwache, mimi nitakulipa. Mtu huyo hafungwi na neno lake, kwa sababu mdai hakuikopesha fedha yake kwa kumtegemea yeye. Mdhamini wa kweli ni yule aliyesema kabla: mkopeshe, nami nitakulipa. Hapo fedha ilitoka kwa imani juu ya neno lake, na kwa hiyo neno hilo linamfunga.

Tunaona hapa yule kijana wa Mithali aliyenaswa na kinywa chake, ila sheria sasa inamwuliza kinywa kilifunguka lini na kwa nini. Huruma iliyomtoka mtu ghafla njiani haigeuzwi kuwa kitanzi. Rabi Yishmaeli, ingawa alikuwa na maoni tofauti, alimsifu mpinzani wake: anayetaka kuwa na hekima, alisema, na ajishughulishe na sheria za fedha, kwa kuwa ni kama chemchemi ibubujikayo, na anayetaka kuzijua, na amtumikie Ben Nannas.

7. Hitimisho

Tumelifuata shauri moja kwa karne nyingi. Mithali ilisema usitoe mkono, Ayubu akalia kwamba hakuna wa kumpa mkono, Bin Sira akafundisha namna ya kuutoa bila kuangamia, na Ben Nannas akapambanua mkono unaofunga na ule usiofunga. Hakuna aliyemfuta mwenzake. Waliokusanya vitabu waliwaacha wote wasomwe, na wakamwachia msomaji kazi ya kujua wakati wake mwenyewe ni wa nani kati yao. Mithali yenyewe inafundisha kusoma hivyo: katika sura ya 26 inakataza kumjibu mpumbavu, na mstari unaofuata unaamuru ajibiwe.

Msomaji aliyewahi kuletewa karatasi ya deni la shemeji yake, na kalamu juu yake, anajua kwamba jambo hili halijazeeka. Wahenga hawa hawamwambii atie sahihi au asitie. Wanamtaka aulize kwanza kama kiasi kile anaweza kukihesabu leo kuwa kimekwenda, na kama fedha inatolewa kwa kulitegemea neno lake. Kisha wanamkumbusha kwamba yuko mtu aliyesimama mlangoni, na kwamba hata kukataa kuna gharama, japo hulipwa na mwingine.

Kwa watafiti wa Kiswahili limebaki swali moja linalostahili kazi. Methali zetu zinamjua mkopaji, na zinajua kwamba dawa ya deni ni kulipa. Je, mdhamini yuko wapi ndani yake? Na ikiwa hayumo, wazee wetu walimnasihi kwa njia gani kijana aliyeombwa mkono? Wenye kukusanya methali katika miji na vijiji vyetu wangefanya vema kuliuliza hilo kwa wazee wangali hai.